Nishizaki Kunihiko na Dakika Kumi na Moja za "Kivuko cha Uno"

Ndugu, jamaa na majirani, poleni, na asanteni kwa kufika. Wasifu huu ulikuwa usomwe na mjane, Bi. Fusae, lakini alikataa katakata. "Nikisimama mimi nitagombana naye hapo hapo jenezani," alisema, na sisi tunaomjua hatukumbembeleza. Kwa hiyo unasomwa na Sumie, mdogo wake marehemu, ambaye naye amegombana na kaka yake miaka sabini na leo atajitahidi kujizuia. Marehemu aliacha sharti moja tu: kwamba uongo wake usomwe mbele za watu, wote, bila kupunguzwa, na mbele ya yule aliyedanganywa. Mtu huyo yupo, ameketi safu ya kwanza. Basi tusikilizane.

Nishizaki Kunihiko alizaliwa tarehe 3 Desemba 1943, hapa hapa Ajino, Kojima, mkoa wa Okayama. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Yasokichi, mfanyakazi wa mashamba ya chumvi, na Bi. Mitsuno, aliyeshona tabi, soksi zenye kidole gumba peke yake, nyumbani. Baba alichukuliwa vitani mtoto akiwa na miezi mitano, akarudi mwaka 1946 amekonda, mifupa mitupu. Mama alipenda kusimulia kwamba Kunihiko alipomwona mgeni yule mlangoni alimfungia mlango, akasema baba yake yuko ukutani. Alikuwa akionyesha picha. Ilichukua wiki nzima kumshawishi kwamba watu wale wawili ni mmoja.

Alisoma shule ya msingi na ya kati papa hapa Ajino, akamaliza Machi 1959. Hakuwa hodari wa vitabu. Shule yake hasa ilikuwa sinema ya mtaani. Siku zile sinema ya Ajino na ile ya Shimotsui zilitumia nakala moja ya filamu: gurudumu la utepe wake likiisha huku linapakiwa kwenye baiskeli, linapelekwa kule. Mwaka 1952, Kunihiko akiwa na miaka minane, na huyu mdogo wake akiwa mgongoni mwake, mvua ilinyesha na mwendesha baiskeli akatumbukia mtaroni pamoja na gurudumu la mwisho. Tulingoja, wanaume wakavuta sigara zikaisha. Mwenye sinema akatoka mbele, akainama, akasema, "Samahani sana, nendeni nyumbani. Shujaa alishinda."

"Nani kasema?" Kunihiko akapiga kelele. "Wewe umeona?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Aligoma kutoka, mama akaja kumkokota kwa sikio. Njia nzima alikuwa akirudia kwamba ule ni wizi, kumpa mtu filamu isiyo na mwisho.

Aprili 1959 aliingia kiwanda cha sare za shule kama fundi wa cherehani, akakaa humo miaka arobaini na minne. Washonaji walisema Nishizaki anasikia ugonjwa wa cherehani akiwa bado yuko getini. Aliongea kidogo, alikula haraka, na mfukoni alikuwa na bisibisi hata siku ya harusi yake. Alistaafu Machi 2003 bila kukosa kazi siku moja, isipokuwa siku mbili alizozika wazazi wake.

Harusi yenyewe ilikuwa tarehe 12 Oktoba 1969. Alimwoa Bi. Fusae, mshonaji wa kola, binti wa Shimotsui. Mwaka 1972 wakapata mtoto wao wa pekee, Chizuru. Na mwaka 1977 akaingia mke wa pili, kama Fusae anavyoiita: mashine ya video ya kaseti ndogo za Beta. Tangu siku hiyo Kunihiko alirekodi kila filamu ya zamani ya Kijapani iliyoonyeshwa kwenye televisheni, zile za kabla ya vita hasa, ambazo nakala zake ziliungua, zilioza au zilitupwa. Alifikisha kaseti elfu moja mia nane na sitini. Zilijaza chumba chenye ukubwa wa mikeka sita hadi sakafu ikabonyea. Kila mwaka mvua za Juni zikiisha alizitoa zote kivulini kuzikausha, kwa sababu kuvu hula utepe, na mtaa mzima ulijua kwamba kiangazi kimeanza.

Wakusanyaji wa namna yake walikuwa na chama, na chama kilikuwa na waraka uliopigwa chapa kwa mkono, ambamo kila mtu aliorodhesha alichonacho. Heshima kubwa kuliko zote ilikuwa maneno matatu: "Nzima. Bila matangazo." Kupata hayo ilibidi ukae mbele ya televisheni kidole kikiwa kwenye kitufe cha kusimamisha. Tangazo la biashara likianza unabonyeza, likiisha unabonyeza tena. Ukiiacha mashine imesimama zaidi ya dakika tano, inajizima yenyewe ili isikate utepe. Kila mkusanyaji alilijua hilo kama anavyojua jina lake.

Sasa tunafika kwenye uongo.

Jumamosi tarehe 17 Novemba 1979, alasiri, kituo kimoja kilionyesha "Kivuko cha Uno", filamu ya mwaka 1937 iliyopigwa katika bandari yetu ya Uno. Ilionyeshwa mara hiyo moja, nakala ikarudishwa ilikotoka na haikuonekana tena. Kunihiko alikuwa peke yake nyumbani. Tangazo la mwisho likaanza, akabonyeza, na papo hapo jirani akabisha hodi, analeta ule ubao wa taarifa za mtaa unaopitishwa nyumba kwa nyumba. Ninyi mnajua ubao ule. Huwezi kuupokea na kufunga mlango. Jirani akauliza habari za baba, akauliza habari za mama, akalalamikia waosha mtaro. Kunihiko akasema ndiyo, ndiyo, kweli kabisa, huku jasho linamtoka. Aliporudi filamu ilikuwa imeanza tena, akabonyeza kitufe, akasikia mlio, akaketi. Mlio ule haukuwa wa kurekodi. Mashine ilikuwa imekwisha kujizima. Aliitazama filamu mpaka mwisho kwa macho yake, na kwa sababu aliiona, aliamini anayo. Akaandika ubavuni mwa kaseti namba 212: "Nzima. Bila matangazo." Akaiweka rafuni na hakuicheza.

Mei 1984 alikwenda Uno kutengeneza cherehani ya mteja, akaingia kula udon, tambi nene za mchuzi, kwenye duka dogo karibu na stesheni. Mwenye duka alikuwa Bi. Torii Nobue, wakati huo ana miaka hamsini na mmoja. Waliongea habari za bandari ilivyokuwa zamani, na Kunihiko, aliyekuwa haongei, siku hiyo akaongea. Akasema anayo filamu iliyopigwa hapo hapo gatini.

Bi. Nobue akaliachia pawa likazama sufuriani. "Ile ya mwaka wa thelathini na saba? Unayo kweli?"

"Ninayo, nzima kabisa."

"Mwishoni, watu wanapopanda kivuko, kuna mama na mtoto?"

"Wapo. Mama ana mwavuli."

Yule mtoto alikuwa yeye, akiwa na miaka minne. Mama yake, Bi. Kohana, aliombwa na watu wa sinema apite tu mbele ya kamera, akapewa keki ya maharage kama shukrani. Alfajiri ya tarehe 29 Juni 1945 mji wa Okayama ulipigwa mabomu. Bi. Kohana alifia humo, nyumba ikaungua na kila kilichokuwamo. Nobue alinusurika kwa kuwa alikuwa kwa bibi yake huku Uno. Hakubakiwa na picha ya mama yake hata moja. Kwa miaka thelathini na tisa alikuwa akijaribu kuukumbuka uso ule, na kila mwaka, alisema, unafifia.

"Kaka," akamwambia, na huku analia waziwazi mbele ya wateja, "nionyeshe mara moja tu. Sitakusumbua tena."

"Jumapili nakuletea," Kunihiko akasema.

Akarudi nyumbani mbiombio, akaitia kaseti mashineni, akapeleka mbele. Gati, moshi, tangazo linataka kuanza, kisha chenga tupu. Dakika kumi na moja za mwisho hazikuwamo.

Hapa angesema ukweli, sisi leo tusingekuwa na la kusoma. Lakini mkusanyaji aliyeandika "nzima" katika waraka unaosomwa na nchi nzima, mtoto aliyemfokea mwenye sinema mbele za watu, akashindwa. Jumapili hakwenda. Alituma ujumbe kwamba mashine imeharibika. Mwaka uliofuata akasema kaseti imepatwa na kuvu. Kisha akaacha kabisa kupita barabara ile, na akitaka kwenda Uno alizunguka kwa nyuma ya uwanja wa meli. Bi. Nobue naye hakuja kumfokea. Alituma kadi ya Mwaka Mpya, Januari 1985, yenye maneno mawili: "Bado nasubiri." Na Januari iliyofuata, na iliyofuata. Kadi thelathini na nne.

Jamani, fikirieni: wewe uko jikoni unakata mochi, keki za mchele za sikukuu, mume yuko msalani, na postamani analeta kadi ya mwanamke wa Uno asemaye bado anasubiri. Fusae alivumilia kadi mbili. Ya tatu aliiweka juu ya bakuli la mume wake.

"Baba Chizuru, huyu nani?"

"Mteja."

"Anasubiri nini?"

"Cherehani."

"Miaka mitatu? Unaiunda mwenyewe hiyo cherehani? Niambie ukweli, nina nguvu ya kuusikia."

Kunihiko akaiondoa kadi, akala. Fusae alifungasha, akamchukua Chizuru, akaenda kwa mama yake Shimotsui siku kumi na nane. Na mwanaume yule akaona afadhali mkewe na ukoo mzima wamdhanie ana mwanamke nje, kuliko kusema kwamba kaseti namba 212 haina mwisho. Mdogo wake alikwenda kumtukana mara mbili. Aliinamisha kichwa tu. Fusae alirudi kwa ajili ya mtoto, na kwa miaka thelathini suala lile lilikaa kati yao mezani kila Mwaka Mpya.

Kulikuwa na mtu mmoja zaidi aliyemnyima usingizi. Takamatsu, ng'ambo ya maji, kinyozi aitwaye Nagao Hisashi naye aliandika katika waraka: "Kivuko cha Uno. Nzima." Kunihiko alimwandikia mara moja kwa kuzungukazunguka, akiuliza kama ubora wake ni mzuri. Nagao akajibu kwa adabu kali kwamba yeye haazimishi wala habadilishani. Kunihiko akajibu kwamba naye hakuomba. Wakatupiana vijembe vya heshima hivyo miaka na miaka, kila mmoja amekalia kaseti yake, na hapo katikati mwanamke anazeeka.

Tarehe 21 Agosti 2018 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Daktari alimwambia ni miezi, si miaka. Alitoka pale akaketi kwenye gari, akamwambia Fusae, "Twende Uno."

"Kwa huyo mwanamke wako?"

"Ndiyo."

Fusae akawasha gari. Bi. Nobue alikuwa amekwisha kufunga duka, anaishi juu yake, ana miaka themanini na mitano. Kunihiko alipiga magoti, akaweka paji la uso mkekani, akasema yote: jirani, ubao, kitufe, chenga, uongo wa mashine, uongo wa kuvu. Fusae alikuwa amesimama mlangoni, na hapo ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba miaka thelathini na zaidi alikuwa akiuonea wivu utepe. Anasema alitaka kumpiga, kisha akataka kucheka, kisha akakaa chini pale pale mlangoni.

Bi. Nobue hakumwambia ainuke. "Mimi nilikuwa nakula vizuri," alisema. "Nilikuwa natembea kila asubuhi. Nilijilinda nisife ili nimwone. Kumbe hakuna kitu?"

"Hakuna, mama. Nisamehe."

"Sikusamehe. Nenda."

Akaenda. Na tangu siku hiyo, ndugu zangu, hakuna aliyepumzika katika nyumba ile. Katika waraka wa Oktoba, waliobaki wanachama kumi na mmoja, wazee watupu, aliandika: "Masahihisho. Kaseti yangu namba 212 si nzima. Inakosa dakika kumi na moja za mwisho. Orodha yangu imedanganya miaka thelathini na tisa. Aliye na mwisho huo, tafadhali, kuna mtu anauhitaji, na yeye na mimi hatuna muda."

Wiki moja, kimya. Wiki mbili. Alikuwa hawezi tena kula wali, anakunywa maji ya wali tu, simu iko kando ya mto. Tarehe 6 Novemba, saa tisa alasiri, ikalia.

"Nishizaki? Ni Nagao wa Takamatsu."

"Nakusikia."

"Yangu haina mwanzo. Nilitegesha saa vibaya, nusu saa nzima ikapita. Niliona haya kuandika. Lakini mwisho ninao."

Sumie, aliyekuwa akimshikia simu, ndiye aliyesema, "Wapumbavu wawili nyie! Leteni hiyo kaseti!"

Bwana Nagao alivuka daraja la baharini Jumapili tarehe 25 Novemba, kaseti imefungwa kwenye kitambaa kifuani. Mashine yake ilikufa zamani. Ya kwetu ilikuwa moja tu iliyobaki hai, mkanda wake umetengenezwa kwa mpira wa cherehani. Kunihiko akafungua kaseti ile, akanusa. Kuvu ilikuwa imeota kingo zote, nyeupe, utepe umeshikana. Ukiutia hivyo mashineni unakatika. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka kwa dawa, hawezi kushika hata kijiti cha kulia. Basi akalala ubavu, akaamuru. Nagao alizungusha kwa kidole, Sumie akafuta kwa kitambaa cha miwani, pima kwa pima.

"Polepole, Sumie."

"Niko polepole."

"Unavuta. Usivute!"

"Kaka, funga mdomo wako, nisije nikakukata wewe."

Ikachukua saa tatu na nusu. Fusae ndiye aliyekwenda Uno kumleta Bi. Nobue. Walichosemezana wanawake wale wawili ndani ya gari hawajamwambia mtu. Bi. Nobue aliingia, hakumsalimu mgonjwa, akaketi karibu kabisa na kioo cha televisheni. Chizuru akaunganisha kinasa cha diski ili picha inakiliwe wakati huo huo, maana Kunihiko alituambia wazi: utepe ule utapita mara moja tu.

Ukaanza. Chenga. Chenga tena, na mlio mbaya ambao fundi aliujua, akafumba macho. Kisha gati la Uno likatokea, linacheza, linapotea, linarudi. Watu wanapanda kivuko. Mwavuli.

"Simamisha!" Bi. Nobue akapiga kelele. "Simamisha hapo!"

"Siwezi, mama!" Kunihiko akajibu kutoka kitandani, na hatukujua kama bado ana sauti ile. "Ukisimama utakatika! Tazama! Tazama tu!"

Mama akageuka kumwinua mtoto, uso wake ukatazama kamera, akacheka kwa haya, akapita. Sekunde nne, labda tano. Dakika mbili baadaye utepe ukakatika kwa kishindo kidogo na mashine ikaumeza. Chizuru akaangalia kinasa, akasema, "Imeshika. Ipo."

Bi. Nobue alikuwa ameweka kiganja juu ya kioo kilichozimika. "Ni msichana," alisema. "Miaka yote hii namwita, namwomba, namfikiria mzee kuliko mimi. Kumbe alikuwa msichana tu. Ana miaka ishirini na sita. Angekuwa mjukuu wangu."

Kunihiko alilia kwa sauti, na sisi pia. Bi. Nobue hakusema amemsamehe, wala hatutamsingizia leo. Lakini Desemba alianza kuja kila Alhamisi na mchuzi wa udon kwenye chupa ya kutunza joto, akamnywesha kwa kijiko, bila maneno mengi, hadi Alhamisi ya mwisho. Fusae alimwachia kiti chake.

Nishizaki Kunihiko alifariki nyumbani Jumamosi tarehe 9 Machi 2019, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano. Mikononi walikuwa wamemshika Fusae na Chizuru.

Ameacha mjane, Bi. Fusae, binti, Chizuru, na mumewe Kazuma, mjukuu mmoja, Honami, na mdogo wake, Sumie. Ameacha rafiki, Bwana Nagao Hisashi, ambaye amevuka daraja tena leo. Jana, tulipokuwa tukiandika orodha hii, Bi. Torii Nobue alisema naye atiwe humu. Tukamuuliza aandikwe kama nani wa marehemu. Akasema, "Msiandike mimi ni nani wake. Andikeni tu kwamba nilikuja."

Amekuja. Kaka, tumesoma yote. Pumzika sasa, na amani iwe yako.